Maziwa Yakipoa

Sijaona kitu kinachomfanya mtu ajione profesa upesi kama chupa ndogo ya iodini. Mpe mtu chupa hiyo, mpe na kipande cha ugali, halafu simama kando. Akidondosha tone moja na ile rangi ya kahawia igeuke bluu iliyokaribia weusi, basi umempoteza. Kuanzia hapo atataka kupima kila kitu, na hatakubali kuambiwa na yeyote.

Nayajua haya kwa sababu ndiyo kazi yangu. Niko katika maabara ya shule ya sekondari mjini Nakuru. Mimi ndiye ninayepanga chupa, ninayeosha vioo, na ninayewafokea wanaochezea moto. Kila mwaka nawaona watoto wa kidato cha kwanza wakipima wanga. Kwenye ugali rangi inageuka, kwenye kiazi inageuka, kwenye yai inabaki vile vile. Kuna mmoja alidondoshea chapati yake ya chakula cha mchana akalia kwa sababu aliambiwa hawezi kuila tena. Watoto nawasamehe. Watu wazima wenye makoti siwasamehe.

Watu wazima ninaowasema ni kamati ya kituo cha maziwa kule nyumbani, upande wa Subukia. Mama yangu amekuwa mwanachama tangu kituo chenyewe kikiwa kibanda cha mabati kisicho na mlango. Kila asubuhi hupeleka maziwa, yanapimwa, yanamiminwa kwenye tangi, na lori la kampuni linakuja kuyabeba. Hakuna lori lingine linalopanda huko. Ukifukuzwa kituoni, ng'ombe wako utakuwa unamkamulia paka. Na kufukuzwa ndiko kulikokuwa kunamngoja mama.

Ilianza pale kampuni ilipokataa tangi zima. Walisema maziwa yana unga. Kamati ikashangaa, ikashika viuno, ikasema haiwezekani, kwetu ni watu wa kanisa. Heri wangenyamaza tu! Kila mtu anajua mchezo ulivyo. Mtu anaongeza maji ili maziwa yawe mengi. Maji yanayafanya mepesi, na kile kipimo cha kioo kinachoelea kwenye maziwa kinazama kupita alama, kwa hiyo mpokeaji anamkamata. Basi mjanja anakoroga unga kidogo wa ngano, maziwa yanarudia uzito, kipimo kinapanda, na mpokeaji anasema, "Pita, mathe." Macho hayauoni unga huo, hasa macho ya mpokeaji wetu, ambaye asubuhi bado huwa anapiga miayo. Lakini kiwandani hawategemei macho. Wana iodini.

Mwenyekiti akaamua naye atakuwa na iodini. Mwenyekiti wetu ni mzee aliyewahi kuwa karani mahali fulani, akastaafu, na hajatusamehe mpaka leo. Alienda kwenye duka la dawa za mifugo akanunua ile ya kupaka vitovu vya ndama. Hapo sina neno, iodini ni iodini. Halafu akatafuta video kwenye simu ya kumfundisha. Video ikamwonyesha kwamba maziwa huchemshwa kwanza, na hilo pia ni kweli, kwa sababu chembe ya unga mbichi imejifunga na iodini haiipati vizuri mpaka moto uifungue. Mzee akaona sufuria, akaona jiko, akaona tone likidondoshwa. Katikati palikuwa na sehemu ya kungoja maziwa yapoe. Sehemu hiyo hakuiona, kwa sababu ilikuwa ndefu, hakuna linalotendeka, na yeye hakutaka kuchoma bando kwa kutazama sufuria imekaa. Aliiruka. Haya nayajua kwa kinywa chake mwenyewe, maana baadaye alijitetea kwa maneno hayo hayo mbele ya watu.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo ujinga wote ulipokaa. Iodini na wanga hazishikani kwenye moto. Maziwa yakiwa yanatoa mvuke, unaweza kuwa na unga wa kupikia chapati za harusi humo ndani na usione bluu hata kidogo. Rangi haiji mpaka yapoe. Mtoto wa kidato cha kwanza hulijua hili kwa sababu mimi humpigia kelele mpaka alijue. Lakini mwenyekiti alitoa maziwa jikoni yakiwa yanafukuta, akadondosha tone, akachungulia, akasema "safi," akamwaga mtaroni, akaita mwingine. Aliwapima wanachama wote namna hiyo. Wote safi. Eti malaika watupu.

Wote isipokuwa mama, ambaye siku hiyo alikuwa Olenguruone kwenye matanga ya shangazi yake. Na wewe fikiria akili za kamati: tangi lilikuwa na unga, waliopimwa wote ni safi, hajapimwa mmoja, basi mwizi ni huyo. Aliporudi wakampima naye, kwa moto ule ule, akatoka safi. Unadhani walimwomba radhi? Thubutu! Katibu alisema ameacha kutia unga kwa kuwa ameshajua anatafutwa. Yaani ukipatikana wewe ni mwizi, usipopatikana wewe ni mwizi mwerevu. Wakaacha kupokea maziwa yake na wakaitisha mkutano wa Jumamosi wa kumwondoa kwenye uanachama.

Mama alinieleza haya kwenye simu kwa sauti ya mtu anayeomba msamaha. Tabia hiyo siipendi. Mama yangu akikanyagwa mguu atakuuliza kama kiatu chako hakijaumia. Nikamwambia nakuja, na nikamwambia kwamba wanapima vibaya.

"Usije," akasema. "Utawakasirisha zaidi."

"Wakasirike mpaka wapasuke, Mama."

"Nakwambia wacha. Nimeshaongea na mke wa mwenyekiti. Watanipima tena Jumamosi mbele ya watu na yataisha. Sitaki maneno na majirani."

Nikamwambia sawa, nimesikia. Kusikia nilikuwa nimesikia. Jumamosi asubuhi nikafunga maabara, nikapanda gari la Subukia, na kituoni nikafika kabla mkutano haujachangamka.

Walikuwa wamekaa kwenye madawati nje, na baridi ile ya bonde letu bado haijaondoka. Mbele kulikuwa na meza, na kando yake jiko la gesi lenye sufuria, na mezani vikombe vyeupe vya plastiki, kila kimoja kimeandikwa jina la mwenyewe kwa kalamu nene. Mwenyekiti alikuwa amevaa koti jeupe. Nasema kweli, koti jeupe! Sijui alilitoa kwa mchinjaji au kwa kinyozi. Mimi huu mwaka wa ngapi niko maabara na koti langu lina mashimo ya asidi, na hapa karani mstaafu amevaa jipya lenye mkunjo wa pasi.

Mama alikuwa kwenye dawati la nyuma kabisa. Watu walikuwa wamemwachia nafasi pande zote mbili kana kwamba anaambukiza. Aliyekaa karibu naye alikuwa mmoja tu, mwanamke kijana anayeitwa na kijiji kizima "yule wa maua." Aliwahi kuajiriwa kukata maua kwenye mashamba makubwa kule Karagita, akachoka kuishi chumba kimoja, akaja kukodi shamba kwetu na ng'ombe wake mmoja. Alikuwa amemgawia mama nusu ya leso yake ajifunike magoti. Nikawasalimu. Yule wa maua akanisalimu vizuri. Mama akanitazama kama mtu aliyeona mgeni wakati sufuria ni tupu.

"Kumbe umekuja," akasema.

"Nimekuja."

"Haki wewe msichana huskii."

Nikadhani ni woga. Nikampapasa bega nikaenda kusimama mbele.

Mwenyekiti alipiga hotuba kwanza. Akasema sayansi haina undugu. Akasema maziwa haya yamechotwa kutoka kwa kila mtungi ulioletwa leo, ukiwemo wa huyu mama yetu, ili asiseme ameonewa. Kisha akaanza: chupa zote za maziwa zikachemka pamoja kwenye sufuria ya maji, halafu upesi upesi kikombe, tone, kikombe, tone. Katibu alikuwa akichungulia kila kikombe kwa uso wa daktari wa upasuaji. Safi. Safi. Safi. Wanachama walikaa wametulia, hata wakitabasamu, na nilielewa kwa nini. Kipimo hicho kilikuwa kimewapitisha mara ya kwanza, kikawapitisha tena. Kama kuna waliokuwa wakiogopa iodini hapo mwanzo, sasa walikuwa wameizoea kama walivyozoea mahubiri. Mwenyekiti alikuwa amewapa cheti cha kuendelea.

Kikombe cha mama kilikuwa cha mwisho. Tone likaingia, likayeyuka, maziwa yakabaki meupe.

"Safi pia," mwenyekiti akasema, na akaongeza upesi, "kwa leo." Akanyoosha mkono kuanza kumwaga.

"Usimwage," nikasema.

Wote wakageuka. Nikasema mimi ni mtoto wa huyu mama na kazi yangu ni hii hii, na ninaomba vikombe viachwe mezani vilivyo. Mwenyekiti akaniuliza kama nimeleta ajenda yangu kwa maandishi. Ala! Nilijua nikianza kumweleza mambo ya moto na wanga tutabishana mpaka jioni, na atamwaga huku tukibishana. Kwa hiyo nikatumia kile kitu ambacho hakuna mwenyekiti wa kwetu anayeweza kukikataa.

"Sina ajenda, mzee. Ni vile tu nimeona tumeanza mkutano bila maombi."

Mnong'ono ukapita. Kweli, hawakuwa wameomba. Haraka ya kuvaa koti jeupe ilikuwa imemsahaulisha Mungu. Akaona haya, akamwita mzee wa kanisa, ambaye ni mwanachama pia, na ambaye nilikuwa na uhakika naye kabisa, maana tangu utotoni sijawahi kumsikia akiomba sala ambayo haikuanzia kwenye kuumbwa kwa mbingu.

Akasimama, akavua kofia. Watu wakainamisha vichwa. Mimi sikufumba macho. Kama ni dhambi, ninayo.

Akaanza na mbingu kama nilivyotegemea. Akashukuru kwa mvua, kwa nyasi, kwa viongozi wa nchi na wa kaunti, kwa lori. Mvuke ulikuwa unapungua juu ya vikombe. Akashukuru kwa ng'ombe mmoja mmoja, almanusura awataje kwa rangi. Upepo kidogo ukavuma kutoka upande wa msitu, na nikaubariki moyoni. Alipofika kwenye mikono safi na mioyo safi, nikaona kikombe cha kwanza, kile cha ukingoni, kinaanza kupata kijivu. Kikawa kama maji yaliyooshewa sufuria. Halafu bluu yenyewe ikajitokeza. Kilikuwa cha mwenyekiti.

Nilitaka kucheka kwa sauti. Nikajishika. "Na yule aliyetia doa katika ushirika wetu, Bwana, umfichue," mzee akaomba, na kikombe kilichofuata, chake yeye mwenyewe, kikageuka. Kisha cha katibu. Kisha viwili kwa pamoja, kisha mstari mzima wa nyuma. Vingine vilikuwa bluu ya mbali, vingine vilikuwa bluu ya kutisha, ya mtu aliyetia unga kwa kijiko cha kupakulia. Nilisimama pale nikiwadharau kwa raha ambayo sijawahi kuipata maishani. Malaika wote, pamoja na mpokeaji mwenye miayo, ambaye kumbe naye ana ng'ombe.

Macho yangu yakafika kwenye kikombe cha mama. Nilikuwa nimekiwekea macho ya mwisho, kama mtu anayejibakizia nyama pembeni mwa sahani. Kilikuwa bluu. Si bluu ya mbali.

Nikatazama nyuma. Mama hakuwa amefumba macho. Alikuwa ananiangalia mimi, na hakuonekana kuona aibu. Alionekana kuchoka nami, tu.

"Amina," mzee akasema, na watu wakainua vichwa.

Mwenyekiti akasema iodini imeharibika. Nikamwambia haijaharibika, maziwa ndiyo yamepoa, nikaeleza yote, na sikuyapaka mafuta maneno yangu. Ndipo alipojitetea na ile habari ya bando. Mtu mzima hovyo! Katibu akaketi. Mmoja akasema labda ni majani ya msimu huu. Mwingine akasema unga kidogo si sumu, hata uji ni unga. Nilingoja mtu mmoja aseme "nimekosa." Bado nangoja.

Halafu mwenyekiti akavua koti jeupe, akalikunja polepole, na akawa mwenyekiti tena. Akasema tuyaongee kama familia. Akasema kituo hakiwezi kuwafukuza wanachama wote, kwa maana kituo ni wanachama. Kwa hiyo lile jambo la mama yetu limekwisha, arudi, maziwa yake yapokelewe kuanzia kesho, na anakaribishwa kwa mikono miwili. Watu wakapiga makofi. Mke wa mwenyekiti akaenda nyuma akamkumbatia mama. Mwizi walimtupa nje walipodhani ni peke yake. Walipojua wako naye wote, wakamrudisha kwa makofi.

Makofi yalipokwisha, katibu akainuka tena. Alikuwa ameshika kikombe.

"Na hiki je?"

Kilikuwa cheupe, kina umanjano kidogo wa iodini na basi. Kimeandikwa jina la yule wa maua. Katikati ya ule mkusanyiko wa bluu, mimi mwenyewe sikuwa nimekiona.

Ungedhani wangempa hata soda. Walimtazama jinsi watu wanavyomtazama mtu aliyejamba kanisani. Mpokeaji akasema amemwona mara nyingi akiongea na dereva wa lori. Mwingine akauliza kampuni ilijuaje habari ya unga, miaka yote isijue. Mwenyekiti akasema, kwa upole kabisa, kwamba yeye hamshutumu mtu, ila inashangaza mtu mmoja kuwa tofauti na wenzake. Yule wa maua akasimama. Akasema hajui wanachosema, yeye huleta tu maziwa yanavyotoka kwa ng'ombe.

"Ndiyo hivyo," katibu akasema, kama mtu aliyesikia ushahidi.

Kisha mama yangu akainua mkono. Mama yangu, ambaye hajawahi kuongea kwenye mkutano, ambaye huomba ruhusa kukohoa. Akainuka kutoka kwenye dawati lile lile, leso ya mwenzake ikamdondoka magotini.

"Huyu alikuja kwangu juzi," akasema. "Mliponikatalia maziwa, hakuna mtu alikuja isipokuwa yeye. Alileta chai kwa thamosi, akakaa jikoni mpaka jioni. Nilidhani ananipa pole. Kumbe alikuwa anachunguza unga unawekwa wapi."

"Mama!" nikasema.

"Wewe nyamaza," akasema bila kugeuka. "Wewe huishi hapa."

Waliinua mikono kumwondoa yule wa maua. Mama aliinua wake. Nilisema niliyoyasema, kwa sauti kubwa, na niliyasema yote: kwamba yeye ndiye pekee hapo asiye mwizi, kwamba kampuni ina iodini yake na haihitaji mpelelezi. Nilisikilizwa jinsi redio ya jirani inavyosikilizwa. Yule wa maua aliokota leso, akaipangusa vumbi, akachukua mtungi wake uliokuwa bado na maziwa ambayo hayakuwa yamemiminwa, akateremka barabarani. Hakumwangalia mama. Mimi aliniaga.

Tulirudi nyumbani na mama akiwa amenishika mkono. Alikuwa amechangamka kama msichana. Njiani kila tuliyekutana naye alimsalimu, na yeye alijibu kwa kirefu, akauliza habari za watoto na za ndama. Tulipoingia jikoni aliniambia nikae, nimefanya kazi kubwa, wacha anipikie chai. Akasema, "Asante, mwanangu. Bila wewe wangeniondoa." Akachukua maziwa kabatini, akawasha moto.

Nikamwambia mimi nitakunywa ya rangi.

Alisimama na maziwa mkononi. Nyumbani kwetu chai ya rangi hupewa mtu ambaye msiba umemkuta bila ng'ombe. Akayarudisha maziwa kabatini, akafunga mlango wa kabati, akamimina maji peke yake kwenye sufuria, na tukangoja yachemke.